Je, ordinatere yenye mbio zaidi itatusaidia kweli?



Tangu wiki tatu neno moja linazunguka katika shule yetu: kwenye internati, kwenye kiwanja cha mpira, hata kwenye mstari wa chakula. Watu wanasema: "Zile ordinatere za sale ya informatiki zimezeeka. Inapashwa tununue mpya, zenye mbio." Na tumesikia kwamba komite ya wazazi itakusanyika mwisho wa mwezi juu ya shauri hilo. Ikikubali, dola 10 zitaongezwa juu ya minervali ya kila mwanafunzi.

Sisi makapita, pamoja na wenzetu finalisti, tumezungumza juu ya jambo hili jioni nyingi. Hatukatai maendeleo. Hakuna mtu kati yetu anayependa kukaa mbele ya mashini na kungoja, mikono juu ya magoti. Lakini tunauliza swali moja, na tunaomba lijibiwe mbele ya feza kutoka mfukoni mwa wazazi: tukinunua mashini yenye mbio zaidi, je, kazi yetu ya kila siku itakwenda mbio zaidi? Kwa maoni yetu, itakwenda mbio kidogo tu, na kwa kazi nyingine haitabadilika hata kidogo. Tutaeleza sababu.

MBIO ZIMEONGEZEKA, KUNGOJA HAKUKWISHA

Mwaka 1965 Mmarekani mmoja, Gordon Moore, aliandika kwamba hesabu ya vipande vidogo vya umeme vinavyowekwa ndani ya kijiwe kimoja cha silisiamu inazidishwa mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 alisahihisha, akasema: kila miaka miwili. Na kwa miaka mingi mambo yalikwenda karibu sawa alivyosema.

Tuone matunda yake. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa ordinatere yake ndogo ya kuweka juu ya meza. Ubongo wake, yaani prosesere, ulipiga mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Ile ya bei ndogo zaidi ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Leo mashini ya kawaida, ile inayouzwa mjini hata kwa mkono wa pili, inapiga mapigo bilioni 2 au 3 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 4 au 8. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: mapigo yamezidi mara 500 hivi, na kumbukumbu imezidi mara zaidi ya 250000.

Basi, je, barua inaandikwa mara 500 haraka kuliko mwaka 1981? Sivyo. Mtu aliyejifunza vizuri dactylographie anaandika maneno 40 hivi kwa dakika. Hiyo ni herufi 3 au 4 kwa sekunde. Kati ya herufi moja na nyingine, hata ile mashini ya mwaka 1981 ilikuwa na mapigo zaidi ya milioni moja ya kukaa na kungoja. Maana yake, tangu zamani mashini njo ilikuwa inangoja mtu. Na sisi, ambao wengi wetu bado tunatafuta herufi kwa kidole kimoja juu ya klavie, inatungoja zaidi tena.

Hata safari ya mwezini ya mwaka 1969 inatufundisha kitu. Ordinatere iliyokuwa ndani ya chombo cha Apollo 11 ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 4 hivi. Ni kweli, kulikuwa mashini kubwa duniani zilizosaidia. Lakini kile kidogo ndani ya chombo kiliongoza watu mpaka wakatua, kwa sababu kila neno la programu yake lilipimwa mbele ya kuwekwa.

MBIO ZINAKWENDA WAPI?

Mtu atauliza: kama mashini ina nguvu namna hii, juu ya nini bado tunangoja? Jibu lilitolewa mwaka 1995 na profesere mmoja wa Uswisi, Niklaus Wirth, yule aliyetunga lugha ya Pascal. Aliandika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashini zinavyozidi kuwa na mbio. Yeye mwenyewe alisema wazo hilo alilipata kwa mwenzake, Martin Reiser. Maneno hayo yana miaka zaidi ya 30 sasa, na hayajazeeka.

Tazameni mfano ulio wazi. Windows ya mwaka 1995 iliomba kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa kuanza kazi. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inaomba gigabaiti 4, na hiyo ni kiasi cha chini kabisa. Ni karibu mara 1000. Wala si kwamba barua tunayoiandika leo ina maneno mara 1000. Barua ni ileile: salamu, sababu ya kuandika, na wasalaam.

Jambo hili ni kama barabara na malori. Zamani barabara ilikuwa mbaya, na wenye malori walipakia magunia kwa kiasi. Siku barabara inatengenezwa, wanashangilia, halafu wanapakia mara mbili, na abiria juu yake. Kisha lori linapanda mlima polepole sawa vile lilivyokuwa linapanda zamani. Mtunga programu naye ni hivyo. Akipewa mashini yenye nguvu, haoni tena sababu ya kupunguza mzigo. Anaongeza picha zinazoruka, matangazo, na kazi nyingi zinazofanyika kwa siri nyuma ya kioo. Yule anayeandika barua halipwi kitu katika mbio hizo.

TUTAFUTE MAHALI TUNAPONGOJEA

Sasa tuje kwenye jambo la maana zaidi. Mtu akitaka kupunguza kungoja, sherti ajue kwanza anangojea wapi. Tuchukue mfano wa jikoni ya internati, wote tunaijua. Tuseme kuteka maji kwenye chemchemi kunachukua dakika 40, na kusonga bugali kunachukua dakika 20. Jumla ni saa moja. Sasa mtu analeta moto wa ajabu unaopika mara 10 haraka. Bugali itasongwa kwa dakika 2. Lakini chakula kitakuwa tayari baada ya dakika 42, si dakika 6! Na hata moto ukiwa wa mbinguni, hamtakula mbele ya dakika 40, kwani maji bado yako njiani.

Hesabu hiyo ina jina. Inaitwa sheria ya Amdahl, kwa sababu Gene Amdahl, mtengenezaji wa ordinatere huko Marekani, aliileta mwaka 1967. Na leo ina nguvu zaidi. Karibu na mwaka 2005 viwanda viliona kwamba mapigo ya prosesere hayawezi tena kuongezeka sana, kwani mashini inawaka moto kupita kiasi. Basi wakaanza kuweka prosesere mbili, nne, nane ndani ya kijiwe kimoja. Ni sawa na kuongeza wapishi. Wapishi wanane ni jambo zuri kama kazi inagawanyika. Lakini kama wote wanangojea ndoo moja ya maji, saba watakaa kupiga hadisi.

Katika ordinatere za shule yetu, ndoo ya maji ni nini? Ni ile diski inayozunguka ndani. Diski ya kawaida inazunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila mara prosesere inapoomba kitu, sherti mkono mdogo wa diski uende mahali pake, halafu ungoje kile kitu kizunguke mpaka kifike chini yake. Hiyo inachukua karibu sekunde moja ya mia. Kwetu ni kama si kitu. Lakini katika muda huo prosesere ya mapigo bilioni 3 inapoteza mapigo milioni 30, imekaa bure. Ukinunua prosesere ya mbio mara mbili na kuacha diski ya namna ile, umenunua mtu wa kungoja kwa mbio.

Hayo hatukuyasoma tu, tuliyapima. Mwalimu wetu wa informatiki alituruhusu kuchukua saa ya mkono na kaye. Mashini moja ya sale yetu ilichukua dakika 4 na sekunde 20 toka kubonyeza kifungo mpaka kuanza kuandika. Kisha mwalimu akaondoa diski inayozunguka, akaweka ile isiyozunguka, inayoitwa SSD, na kuongeza kumbukumbu kidogo. Prosesere hakuigusa. Tulipima tena: sekunde 38. Mashini ni ileile mzee, sanduku ni lilelile lenye vumbi.

Jambo la pili tulilopima ni buleti za poini. Mwaka jana sekretaria ilipata ordinatere mpya, nzuri kabisa. Je, buleti zilitoka mapema? Zilitoka siku ileile sawa mwaka uliotangulia. Kwa nini? Kwa sababu walimu wanaandika poini kwa biki juu ya karatasi, karatasi zinangojeana, halafu mtu mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anaandika. Kujumlisha poini zote kunachukua mashini nukta moja ya sekunde. Kungoja karatasi ya mwalimu wa mwisho kunachukua siku tano. Hakuna prosesere itakayoponya hiyo. (Hatutaji mwalimu ye yote, na tunawapenda wote.)

Jambo la tatu ni umeme. Siku ambayo umeme umekatika, mashini ya mapigo bilioni 3 na mashini ya mapigo milioni 4 ziko na mbio moja: sufuri. Katika trimestre iliyopita, klasi yetu ilikuwa na saa 11 za informatiki kwenye horaire. Saa 5 umeme haukuwako, tukaandika majina ya vifungo juu ya tablo. Na hata umeme ukiwako, tuko wanafunzi watatu mbele ya kila mashini. Mmoja anaandika, wawili wanatazama. Katika saa ya dakika 50, mikono ya kila mtu inagusa klavie dakika 16 tu. Hapo njo shida yetu ilipo, ndugu.

MANENO YA WENYE KUSHINDANA NASI

Tusifiche kwamba wenzetu wengine wana sababu, na nyingine ni nzuri.

Wanasema kuna kazi zinazohitaji mbio kweli. Ni kweli. Wale wanaotabiri mvua na upepo, waganga wanaotazama picha za ndani ya mwili, watu wanaotengeneza filme, hao wanafaidi kila pigo la prosesere. Lakini sisi hapa tunaandika barua, tunafanya hesabu za comptabilité, tunasoma. Mtu anayekwenda chemchemini hahitaji ndege.

Wanasema mashini mpya zinakula umeme kidogo. Ni kweli tena, na hiyo kwa maoni yetu ni sababu yenye nguvu kuliko zote. Mashini ndogo ya kubeba inakula umeme kidogo sana kuliko zile masanduku, na ina betri yake. Siku mashini moja ya zamani itakapokufa kabisa, tunakubali inunuliwe ya kubeba mahali pake. Lakini angalieni: hapo tunanunua juu ya umeme, si juu ya mbio.

Wanasema pia Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani. Hayo ni maneno ya kweli yanayotuuma. Lakini tuulize: je, mashini ilianza kuwa mgonjwa usiku wa tarehe hiyo? Hapana. Asubuhi yake iliwaka sawa kila siku. Kilichobadilika ni shauri la mwenye programu. Na iko njia nyingine: Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland wakati ule. Ni ya bure, ziko namna zake nyepesi zinazokubali mashini za zamani, na zinaendelea kupata marekebisho ya usalama.

Sababu ya mwisho haisemwi kwa sauti, lakini tunaijua: ni haya. Shule ya ng'ambo ya mto ina mashini mpya, nyeusi, nyembamba. Sisi tunaona haya mbele yao. Kwa hiyo tunajibu: heshima ya shule haiko katika sanduku, iko katika mikono ya wanafunzi wake. Siku ya kutafuta kazi mjini, hakuna bwana atakayeuliza mashini ya shule yenu ilipiga mapigo mangapi. Atakuweka mbele ya klavie na kusema: "Andika."

NA SISI WA CONGO TUSISAHAU

Iko sababu moja ambayo sisi watoto wa nchi hii tunapashwa kuifikiri kuliko wengine. Kobalti inayowekwa katika betri za mashini za kubeba na za simu, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani pote inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Koltani ya Kivu inatoa tantale, inayowekwa katika vipande vidogo vya umeme vya mashini hizo. Wengine kati yetu wana kaka na wajomba katika mashimo hayo. Tunajua gunia moja linavyobebwa.

Kila wakati tangazo linaposema "mashini yako imezeeka, tupa, nunua ya mbio", mtu fulani anashuka tena shimoni. Na zile zinazotupwa haziyeyuki. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa vyombo vya umeme tani milioni 62, na si hata robo yake iliyoandikwa kwamba ilikusanywa na kutengenezwa tena kwa njia nzuri. Kutunza mashini mzee ni njia moja ya kuheshimu jasho la ndugu zetu.

SHAURI LETU

Kupinga tu bila kuleta shauri ni kazi rahisi. Basi, sisi tunaomba komite ya wazazi na Baba Prefe watazame mambo manne:

1. Mashini 12 za sale yetu zisitupwe. Kila moja ipate diski isiyozunguka na kumbukumbu kidogo. Fundi wa mjini alituandikia bei juu ya karatasi: dola 40 kwa mashini moja. Jumla ni dola 480.

2. Mashini 8 ziwekewe Linux nyepesi. Nne zibaki na Windows kwa wale wa Commerciale, ili wazoee yote mawili, lakini zisitumiwe kwa intaneti.

3. Feza nyingine ziende kwenye umeme: betri na plake za jua za kutosha mashini chache zenye kula kidogo. Kidogo kinachowaka kinafundisha kuliko kikubwa kilichozima.

4. Sale ifunguliwe mchana baada ya masomo, saa mbili kila siku, na makapita watalinda kwa zamu. Hapo kila mwanafunzi atapata dakika zake za klavie bila mashini moja kuongezwa. Jambo hili halilipishwi hata franka moja.

Tufanye hesabu pamoja. Sisi ni wanafunzi 360. Dola 10 kwa kila mtu ni dola 3600, zinazonunua mashini mpya 12 za dola 300. Tutabaki na mashini 12, watatu watatu, umeme ukikatika tunazima. Lakini dola 3 kwa kila mtu ni dola 1080. Tukitoa 480 za diski na kumbukumbu, zinabaki 600 za kuanza kazi ya umeme.

Mtu atasema: dola 7 za tofauti ni nini? Tunamwambia asiseme hivyo mbele ya kila mtu. Mwaka jana, katika klasi moja tu ya shule hii, wenzetu 6 walirudishwa nyumbani juu ya minervali. Wanne walirudi. Wawili hadi leo hawajarudi, na mmoja wao alikuwa wa kwanza katika matematika. Kwa nyumba nyingine dola 7 ni sabuni, ni chumvi, ni dawa ya mtoto. Tukimfukuza mwenzetu mmoja ili wengine tungoje kwa mashini nyeusi badala ya mashini ya vumbi, tutakuwa tumenunua mbio za kwenda wapi?

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Hawakukataza mtu kukimbia. Walitaka ajue kwanza anakimbilia nini. Sisi finalisti tutaondoka baada ya Mtihani wa Serikali, mashini hizo hatutazitumia tena. Ni ninyi wa klasi za chini mtakaobaki nazo, na ni wazazi wenu watakaolipa. Kwa hiyo wenye mawazo mengine waandike, mwalimu au mwanafunzi, na karatasi zao ziwekwe katika sanduku la buleti mbele ya siku ya tano. Tunaahidi kuzisoma zote kwa komite ya wazazi, hata zile zinazotupinga.

Kwa makapita na finalisti,
Kapita Mkuu wa wanafunzi